Mlango Uliotoshea Kidoleni

Picha ilitufikia jioni, kama zitufikiavyo picha zote za mchezo huu kila juma, bila jina, bila maelezo, wala kitu chochote pembeni ambacho kingaliweza kuwa mizani ya ukubwa: uwanja wa shaba yenye rangi ya asali, na katika uwanja huo safu kwa safu za nundu za mviringo zilizopangwa kwa kupishana kama matofali ya ukuta, kila nundu ikimeta sehemu ya juu na kutiwa kivuli sehemu ya chini. Masharti ya mchezo ni machache: mtegaji hupiga picha ya kitu cha kawaida kutoka karibu mno, huituma kwa njia ya mtandao, na wateguaji wana muda hadi jioni ya pili kusema ni kitu gani, kila mmoja kwa majaribio matatu; atakayeshindwa hutoa mji, kama tulivyokuwa tukitoa miji mbele ya bibi zetu tuliposhindwa na vitendawili. Wengi wetu siku ile hatukuhitaji hata dakika moja. Tuliandika mmoja baada ya mwingine, kwa yakini ya mtu atajaye mtaa aliozaliwa, kwamba ile ilikuwa misumari ya shaba ya mlango wa nakshi wa Unguja.

Haukuwa mlango. Ilikuwa kastabani, ambayo baadhi ya watu huiita subana: kile kikombe kidogo cha shaba ambacho mshonaji hukivika kidole chake ili aisukume sindano pasipo kujichoma, na vile tulivyoviona sote kuwa nundu vilikuwa vishimo.

Mtegaji, nilipomwuliza baadaye, hakunificha hatua yoyote ya kazi yake, nami naziandika hapa kwa sababu sijapata kuona picha iliyoficha kitu kwa vyombo vichache zaidi. Alitwaa lenzi ya milimita 50 ya kamera ya filamu ya zamani, akaigeuza hata mbele ikawa nyuma, akaifunga kwa pete katika kamera anayoitumia sasa. Lenzi ya namna hiyo, ikitumiwa kama ilivyoundwa, hupokea nuru ya kitu kikubwa kilicho mbali na kuikusanya katika nafasi ndogo iliyo karibu. Ikigeuzwa, kazi yake nayo hugeuka, ikaweza kusogezwa mbele ya kitu kidogo kwa umbali wa vidole vichache tu, na sura iangukayo ndani ya kamera ikawa takriban sawa na kitu chenyewe kwa ukubwa. Sehemu ipokeayo sura katika kamera yake ilikuwa na milimita 36 kwa 24, kadiri ileile ya filamu ya zamani, na kwa hiyo kastabani nzima ingaliweza kuenea humo na kujulikana mara moja kwa umbo lake. Basi akaikata picha pande zote nne, akabakiza kipande cha katikati chenye milimita 9 kwa 6, yaani fungu moja katika mafungu 16, na kwa mkato huo mdomo wa kastabani ukaondoka, utosi wake ukaondoka, na kidole kilichokuwa kinaitwa na umbo lile hakikuweza tena kukumbukwa na mtu.

Ukaribu wa kiasi hiki una gharama yake, na gharama ya kwanza ni nuru, kwa maana sura inapofikia ukubwa wa kitu chenyewe nuru inayofika ndani ya kamera hubaki robo tu ya ile ambayo lenzi hiyohiyo, kwa tundu lilelile, ingeliipokea kutoka kwa kitu cha mbali. Alihitaji taa kali, na katika kuiweka taa hiyo ndipo ulipokuwa ustadi wote.

Jicho la binadamu limelelewa chini ya jua. Tangu utotoni tumezoea nuru inayoshuka, hata akili, ikiona duara lililong'aa upande wa juu na kufifia upande wa chini, huhukumu pasipo kumshauri mwenyewe kwamba duara hilo limetuna, na ikiona kinyume chake huhukumu kwamba limebonyea. Mtegaji aliilaza taa mezani, chini ya usawa wa lenzi, ikaangaza kuelekea juu. Katika shimo linaloangazwa kutoka chini, ukuta wa juu ndio utazamanao na taa, nao huwaka. Ukuta wa chini huipa taa mgongo, nao huingia gizani. Na kwa hiyo kila kishimo cha kastabani ile, pasipo kuongezwa wala kupunguzwa kitu, kilivaa mavazi kamili ya nundu iliyopigwa na jua la mchana. Wenye elimu ya nuru wanalijua jambo hili tangu zamani. Lilitambuliwa na watu waliotazama mihuri kwa hadubini zinazopindua sura juu chini, wakastaajabu kuona nakshi iliyochimbwa ikipanda na iliyoinuliwa ikizama, na mwaka 1826 David Brewster wa Uskoti aliliandikia makala, akieleza jinsi hukumu ya jicho inavyofuata dhana tuliyo nayo juu ya upande inakotoka nuru. Anayetaka kuyakinisha na aigeuze simu yake juu chini, akiwa ameizuia picha isijigeuze yenyewe: nundu zote zitazama mbele ya macho yake kwa mara moja, na akiirudisha simu zitapanda tena, hata kama ameshaambiwa ukweli wake.

Walakini hila ya taa isingalitosha peke yake. Ilitufanya tuone nundu. Haikutulazimisha kuona mlango. Mlango tuliuleta sisi wenyewe, kwa kuwa mtu wa pwani aliyepita chini ya vizingiti vya Mji Mkongwe, akaona vichwa vya misumari ya shaba vilivyotuna juu ya mbao kwa mapokeo ya Bara Hindi, hawezi kuonyeshwa shaba yenye nundu za mviringo kwa safu asikumbuke milango ile, na mtegaji, aliyejua anacheza na watu gani, alitutegemea tuikamilishe kazi ambayo yeye aliifanya nusu.

Sasa natazama tena picha ileile, nikijua jibu, na naona kwamba ushahidi ulikuwa umelala pale mchana kweupe. Mlango wa nakshi ni mbao iliyotiwa shaba; mbao iko wapi? Uwanja uliozizunguka nundu ulikuwa shaba vilevile, na hakuna fundi aliyepata kupigilia misumari ya shaba katika bamba la shaba, safu zikigusana hivyo, kwa mlango wa nyumba ya mtu. Vivuli navyo vilisema. Nundu iliyosimama juu ya uwanja hukitupa kivuli chake nje, kikaanguka juu ya uwanja huo na pengine kuifikia nundu ya jirani. Lakini vivuli vya picha ile vilikuwa vimefungwa kila kimoja ndani ya duara lake, hakuna hata kimoja kilichovuka ukingo, na kivuli kisichotoka nje ya mviringo wake ni kivuli cha shimo.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote, kwa maoni yangu, ulikuwa ule tulioudharau tukidhani ni kasoro ya mpigaji: ukungu wa pembeni. Safu za katikati zilikuwa wazi kabisa, na kadiri jicho lilivyokwenda kushoto na kulia mambo yalififia. Hii ndiyo gharama ya pili ya ukaribu, nayo hutumika kama rula kwa mtu anayejua kuisoma. Picha ikipigwa kwa ukubwa wa kitu chenyewe, hata tundu la lenzi likipunguzwa kufikia kipimo cha f/8, sehemu inayoonekana wazi kutoka mbele kwenda nyuma haizidi unene wa takriban milimita moja. Ilhali lenzi hiyohiyo, kwa tundu hilohilo, ikielekezwa mlangoni kutoka umbali wa mita mbili, huacha wazi zaidi ya nusu mita. Kastabani ya mtu mzima ina upana wa karibu milimita 17, na uso wake uliopinda hurudi nyuma kupita milimita moja kabla ya kufika ukingoni mwa kipande kile cha milimita 9. Kwa hiyo ukungu ule ulikuwa unatamka mambo mawili kwa pamoja, kwamba kitu hiki ni kidogo mno na kwamba kimepinda kama mwanzi, na mlango hauna sifa hata moja katika hizo.

Zipo programu zinazoweza kuuondoa ukungu huo: mpigaji hupiga picha nyingi, akiisogeza kamera kwa sehemu za milimita, kisha programu huchagua vipande vilivyo wazi na kuviunga kuwa picha moja. Mtegaji wetu hakufanya hivyo, nami namheshimu kwa hilo. Kitendawili cha yai huitaja nyumba isiyo na mlango, nacho ni cha haki kwa sababu sifa iliyotajwa imo katika yai. Ukungu ni sifa ya ukaribu, na anayeufuta amemnyang'anya mteguaji neno moja la kitendawili.

Nimeucheza mchezo huu kwa muda wa kutosha kuamini kwamba kosa huanza katika swali. Karibu sote hujiuliza kitu kile kinafanana na nini, na swali hilo halina mwisho, kwa sababu kitu kilichokuzwa hufanana na nusu ya ulimwengu. Swali linalozaa ni jingine: uso huu umepatikanaje? Njia za kupatikana kwa nyuso ni chache, ama umemiminwa, ama umefuliwa, umekerezwa, umesukwa, umepigwa chapa, au umeota wenyewe, na kila njia huacha alama isiyoweza kufichwa na ukaribu. Bali ukaribu ndio huifichua. Juma moja kabla ya kastabani tulitegewa tufe la kijivu lililokaa katika pete iliyoparara, na watu wakataja mwezi na jicho la samaki, mpaka mmoja akaona katika pete ile mistari myembamba ya mviringo, ambayo ni alama ya chuma kilichokerezwa, akauliza ni tufe gani dogo linalokaa katika pete ya kukerezwa, na hapo akaiona nchani mwa tufe rangi ya buluu iliyokauka. Ilikuwa ncha ya kalamu, ile ya namna aliyoipatia hati ya ubunifu László Bíró wa Hungaria mwaka 1938, ambayo gololi yake kwa kawaida haizidi upana wa milimita moja. Picha ya gazeti iliyokuzwa, nayo, haihitaji maneno: nukta za wino wa rangi nne hujitaja zenyewe.

Robert Hooke alipochapisha Micrographia mjini London mwaka 1665 aliifungua kwa ncha ya sindano, kitu ambacho kila msomaji wake aliamini kwamba anakijua, akaonyesha kwamba chini ya hadubini ncha hiyo ni butu, ina mabonde na makovu, alama za vyombo vilivyoitengeneza. Kutoka sindano hiyo hadi kastabani yetu si safari ndefu.

Aliyetegua alikuwa mama mmoja wa Pemba ambaye hushona kofia za viua kwa mkono. Aliandika neno moja tu, kastabani, wakati sisi tungali tunabishana juu ya mlango wenyewe uko mtaa gani. Na alipoombwa aeleze, hakutaja taa wala lenzi. "Wanangu," aliandika, "tazameni vile vishimo vya kulia, vilivyo karibu na katikati, ndani yake mna mikwaruzo, tena yote imelala upande mmoja. Hapo ndipo sindano inapokitwa kwa nyuma. Aliyeivaa alisukuma kwa ubavu wa kidole, wala si kwa ncha." Nilirudi kuitazama picha, na mikwaruzo ilikuwepo, miembamba kama unywele, yote kwa mwinamo mmoja. Mtegaji alimwitikia kwa kumshika miguu, kisha akasema kwamba kastabani ile ilikuwa ya marehemu babu yake, mshona kanzu, na kwamba mpaka siku ile hakuwa amejua babu yake alisukuma sindano kwa upande gani wa kidole.