Namna ya Kuisoma Bei ya Mpiga Picha wa Sherehe

Ukimpigia simu mpiga picha, akakutajia bei kabla hajakuuliza ni shughuli gani, inaanza saa ngapi na inafanyikia wapi, mshukuru kisha umtafute mwingine. Fundi cherehani hataji bei ya gauni kabla hajapima. Kwa huku kwetu, kuanzia Mapinga na Kerege, Zinga na Mlingotini, hadi Bagamoyo mjini, sherehe moja haifanani na nyingine hata kidogo. Kuna akdi ya msikitini inayokwisha kabla chai haijapoa. Kuna kipaimara kinachoanza na misa asubuhi na kuishia kwenye turubai uani usiku. Kuna akika, mahafali, arobaini ya mtoto, kicheni pati, sendofu. Anayetaja bei moja kwa zote hizo hajui atakachokwenda kufanya, na siku yenyewe ikifika utaliona hilo kwenye picha.

Bei ni kazi ya ufundi kama ilivyo picha yenyewe. Inaweza kupimwa, kusifiwa au kukosolewa kabla kamera haijatolewa kwenye begi. Bei nzuri ni ile ambayo mwenye nayo anaweza kuieleza kipengele kwa kipengele bila kusita, na wewe ukaielewa.

Anza kumpima kwa bahari. Pwani ya Bagamoyo inatazama mashariki, upande wa Unguja. Jua linachomoza baharini na kuzama nyuma ya mji, kwenye minazi. Anayekuahidi picha za maharusi mbele ya jua linalozamia baharini hajawahi kusimama pale jioni na kamera mkononi. Anayejua atakwambia maharusi wasimame bahari ikiwa mgongoni mwao, nuru ya mwisho iwaangukie usoni. Atakwambia pia kwamba hapa tuko nyuzi 6 na ushei tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja, na giza halichelewi kuingia. Bibi harusi akikawia saluni hadi saa kumi na mbili, hakuna lenzi ya kumrudishia nuru hiyo.

Halafu kuna maji. Ufuko wetu una mteremko mdogo, na maji yakipwa yanakwenda mbali sana, yanaacha tope, mwani na ngalawa zilizolala ubavu. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa alasiri, mnamo saa kumi. Siku za maji mafu, katikati ya vipindi hivyo, alasiri huyakuta maji yamepwa. Wavuvi wote wa hapa wanaijua hesabu hii. Mpiga picha anayefanya kazi pwani anapaswa kuijua pia, kwa sababu ndiyo inayoamua kama atakupeleka ufukweni, au atakupeleka Kaole, penye magofu ya misikiti na makaburi ya kale na mibuyu yenye kivuli kizuri, au kwenye barabara ya miembe ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1868. Kaole kuna kiingilio. Bei iliyoandikwa vizuri inasema nani atakilipa. Ikiahidi na droni, uliza kibali: urushaji wa vyombo hivyo nchini unahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya Wizara ya Ulinzi, na shughuli hiyo haifanyiki asubuhi ya harusi.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana ndipo wengi wanapodanganyana, na mara nyingi anayedanganyika ni mpiga picha mwenyewe. Chukua harusi ya kawaida: akdi saa nane mchana, walima, kisha tafrija ukumbini hadi saa tano usiku. Hizo ni saa 9 za kusimama. Tuseme amepiga picha 1,800 na atakabidhi 350. Kuchagua kutamchukua saa 3. Kuhariri, kwa dakika 3 tu kila picha, ni dakika 1,050, yaani saa 17 na nusu. Ongeza nusu saa ya kunakili faili. Jumla ni saa 30, na zaidi ya theluthi mbili ya muda huo ni kazi ambayo mwenye sherehe haioni kabisa.

Tuendelee na mfano huohuo. Amedai shilingi 300,000. Msaidizi wa kushika taa 50,000. Nauli na gesti 40,000, kwa sababu kutoka Makumbusho, Dar es Salaam, hadi Bagamoyo ni safari ya kilomita 60 hivi, na saa tano usiku hakuna daladala ya kumrudisha. Betri, bando na vitu vidogo vidogo 30,000. Zimebaki 180,000. Kamera nayo inaliwa: shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka kila unapobonyeza, katika kamera nyingi za daraja la kati hutengenezwa kuhimili mibonyezo 150,000 hivi. Kama kamera ilinunuliwa kwa 3,000,000, mibonyezo 1,800 imekula 36,000. Zimebaki 144,000 kwa saa 30, yaani 4,800 kwa saa, kabla ya kodi. Namba ni za mfano, kila mtu aweke zake. Lakini njia ni hiyo, na mpiga picha ambaye hajawahi kuipitia hana bei. Ana namba aliyoisikia kwa mwenzake.

Kwa mfano huo, anayekuja na 150,000 anatoka nyumbani akiwa na hasara ya 6,000 hata kabla hajahesabu jasho lake. Hawezi kuimaliza kazi yote, kwa hiyo atakata mahali. Ataondoka saa tatu usiku, keki haijakatwa. Atakuja bila msaidizi. Atakupa picha mbichi kwenye flashi. Bei ya chini si kosa hata kidogo, ziko familia zinazohitaji saa mbili tu za akika na picha 60, na hilo ni hitaji la heshima kama mengine. Kosa ni bei ya chini isiyosema imekata nini. Muulize waziwazi: kwa bei hii, ni kitu gani sitakipata? Fundi wa kweli anajibu papo hapo. Hilo ndilo swali ninaloliamini kuliko yote katika mwongozo huu.

Usishawishike na wingi wa picha. Ng'ambo ya mkondo, pale Mji Mkongwe, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 ilifanya kazi yake zama za filamu, na filamu ya mkanda ilikuwa na picha 36 tu. Kila mbonyezo ulikuwa na gharama ambayo mteja aliielewa, na kuhesabu nakala kulikuwa na maana. Leo "picha 1,000" kwenye tangazo haikwambii chochote isipokuwa kwamba hakuna atakayekaa kuzichagua. Kuchagua ni nusu ya ufundi huu.

Ukitaka kujua kama bei kubwa inastahili, usitazame zile picha kumi anazozipenda yeye. Omba uone sherehe moja nzima, kuanzia kupambwa hadi watu kuondoka, kwa idhini ya wenyewe. Tafuta picha ya mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe juani, au bibi harusi mweusi ndani ya shela. Uso uonekane wote, macho na mikunjo ya tabasamu, na wakati huohuo darizi za kanzu zisipotee kwenye weupe. Anayeweza vyote viwili mchana wa saa nane ameiva. Kisha tazama za ukumbini, pale mpambaji alipowasha taa za zambarau na kijani. Kama nyuso zote zimekuwa za rangi ya taa, hakuja na taa yake au hajui kuitumia. Mwisho tazama wazee. Mpiga picha mzuri ana picha ya bibi aliyekaa pembeni kwenye mkeka. Huyo ndiye familia itakayemtafuta kwenye albamu miaka kumi baadaye, na ndiye anayesahauliwa na wapigaji wanaomfuata mshereheshaji tu.

Vifaa nitavipitia haraka. Kamera mbili, kwa sababu moja ikizima hakuna akdi ya pili. Kila picha iandikwe kwenye memori kadi mbili, au inakiliwe usiku uleule. Hewa ya chumvi na unyevu wa huku huotesha ukungu ndani ya lenzi, na aliyetoka kwenye gari lenye kiyoyozi lazima aiache kamera ipate joto kwanza, la sivyo picha za mapokezi zote zitakuwa na umande. Gharama ya kutunza vitu hivi imo ndani ya bei halali. Kama kuna picha za kuchapwa, bei itaje ukubwa, aina ya karatasi na idadi. Picha ya kutundikwa iwe na pasipatuu ya kuitenga na kioo, maana kwa unyevu wa pwani karatasi inayogusa kioo hunata, na ukiibandua inaondoka na sura ya mtu.

Sehemu nyeti kuliko zote ni shughuli za wanawake. Singo, kumtoa mwali, kicheni pati: humo ndani watu wamevua mitandio, wanacheza, somo anamfundisha bibi harusi mambo yasiyotoka nje ya mlango. Hapa mpiga picha ni mwanamke, na msaidizi wake ni mwanamke, na anayehariri ni mwanamke au ni yeye mwenyewe. Wanawake wenye ujuzi huo bado si wengi, kwa hiyo bei yao kuwa juu ni haki yao. Lakini kinacholipiwa zaidi ni siri. Bei nzuri ya shughuli hii inasema nani atazishika faili, zitafutwa lini baada ya kukabidhiwa, na kwamba hakuna hata moja itakayopanda mtandaoni. Mwingine atakwambia atakupunguzia ukimruhusu kuziweka kwenye ukurasa wake. Kwa harusi ya ukumbini hilo ni jambo la kuelewana, na ni bora aliseme mwanzo kuliko kukushtukiza. Kwa singo, likatae palepale, hata punguzo liwe nusu. Wewe huwezi kuuza sura ya jirani yako aliyekuja kukuchezea ngoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa ridhaa yake, na uso wa mtu ni taarifa yake. Ila hata pasingekuwa na sheria, heshima ya uwanja wa wanawake hapa pwani ingetosha.

Bei pia ina majira. Shaabani watu wanawahi kuoana kabla ya mfungo. Mfunguo mosi ukiingia harusi zinarudi kwa kishindo. Wakristo nao wanangoja Pasaka ipite, kisha Desemba. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, na mfungo wa Ramadhani ukaanza wiki hiyohiyo, kwa hiyo kwa mwezi mzima harusi zilikuwa adimu pande zote mbili. Punde inafuata Masika, na turubai za uani hazipendi Masika. Anayepandisha bei Jumamosi za Shaabani hakuonei. Ndizo zinazomlisha miezi ya ukimya. Ukiwa na uhuru wa tarehe, chukua Alhamisi ya Julai, hewa kavu na mwanga safi, na umwombe punguzo bila haya.

Kuhusu undugu, nina ushauri mmoja kwa wapiga picha wenyewe. Shangazi akikuita kwenye harusi ya binamu yako, usimtajie bei ya ndugu. Andika bei kamili, 300,000 kama ndiyo yako, kisha ipeleke kwa mweka hazina wa kamati na useme: katika hizi, 100,000 ni mchango wangu, niandikeni kwenye daftari. Shangazi ameheshimiwa, mchango wako umeonekana kama wa wengine, na rafiki wa familia aliyekuwepo hatakuja mwezi ujao kudai umfanyie kwa 200,000. Anayeshusha bei kimyakimya anaishusha kwa mji mzima.

Na kwenu wanakamati: michango huchelewa, hilo linajulikana, lakini mpiga picha asiwe wa mwisho kwenye orodha, nyuma ya mapambo, muziki na vinywaji. Takeni bei kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu: saa za kuanza na kumaliza, idadi ya picha zilizohaririwa, siku ya kukabidhi, nani anaruhusiwa kuzionyesha, kianzio kiasi gani na salio lini. Nusu mwanzo na salio siku ya shughuli, au sehemu ndogo ikibaki hadi makabidhiano, ni mpango wa haki kwa pande zote mbili. Anayedai zote mwanzo mkatalieni. Mkishampata aliyeuliza saa ya akdi, maji ya siku hiyo na idadi ya wazee watakaokuwepo, msimpigie kelele za bei. Mlipeni kianzio jioni hiyohiyo, hasa kama harusi yenu ni ya Shaabani, maana wapiga picha wa aina hiyo Bagamoyo hawajai viganja viwili.