Lahaja si orodha ya makosa: Kiwayu ilivyonifunza isimu

Lahaja za Kiswahili ni mada inayofundishwa karibu katika kila idara ya Kiswahili ya vyuo vikuu vyetu. Kwa maoni yangu, baada ya miaka mingi ya kuwa mwanafunzi, kisha mhadhiri, kisha mtahini, ndiyo mada inayofundishwa vibaya kuliko zote. Nasema hivi bila ya kumung'unya maneno kwa sababu mimi ni mzawa wa Kiwayu, na lugha ya kwanza kuingia masikioni mwangu ni Kitikuu, ambacho wengi hukiita Kibajuni.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuwa mtahini wa nje katika chuo ambacho sitakitaja. Swali lilikuwa: "Jadili sifa tano za Kitikuu." Mwongozo wa kusahihishia ulikuwa na safu mbili. Kushoto, neno la Kiswahili sanifu, kulia, neno la Kitikuu, katikati, mshale. Karibu watahiniwa wote waliandika mambo yaleyale kwa mpangilio uleule, hata kosa la tahajia lililokuwa kwenye mwongozo lilikuwemo kwenye majibu yao. Mtahiniwa mmoja tu ndiye aliyekuwa tofauti. Alitoa sentensi nzima ya Kitikuu, akaeleza ni nani anayemwambia nani, na wakati gani. Sehemu hiyo alipata sufuri. Pembeni, kwa wino mwekundu, paliandikwa: "Haimo kwenye notisi."

Hebu tuutazame huo mshale. Unatoka kwenye sanifu kwenda kwenye lahaja, kana kwamba watu wa Kiwayu, Faza na Kiunga walipewa Kiswahili kizima wakakivunja njiani. Historia inasema vingine. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa 1928, na kamati ya kusimamia usanifishaji ikaanza kazi 1930. Kitikuu kilikuwa kikisemwa karne nyingi kabla ya hapo. Kitawezaje kutokana na kitu ambacho hakikuwako? Sanifu "mtu" na Kitikuu "muchu" ni ndugu waliozaliwa na mzazi mmoja. Hakuna aliyemzaa mwenziwe.

Isitoshe, huko kuitwa "badiliko" kunaficha jambo la kitaalamu lililo tamu sana. Sanifu husema "tatu", Kitikuu "chachu". Sanifu "watu", Kitikuu "wachu". Hii si bahati nasibu. Ni kanuni ya sauti, tena yenye nidhamu: t ya asili ya Kibantu hugeuka ch. Mwanafunzi akionyeshwa kanuni, anaweza kukisia neno ambalo hajawahi kulisikia, kisha aende kwa msemaji kulithibitisha. Hapo amefanya isimu. Akipewa orodha aikariri, amefanya nini? Amehifadhi vitu vya ajabu vya watu wa mbali.

Haya sikuyagundua peke yangu. Niliyapata chuo kikuu, na ni haki nikishukuru. Nilipoingia Chuo Kikuu cha Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilikuwa nimeshajifunza kuificha lahaja yangu. Katika shule ya bweni nilikosoma, ukisema "chachu" darasa zima lilicheka, na jina la utani likakuganda hadi kidato cha nne. Basi siku mhadhiri alipoandika ubaoni kanuni za mabadiliko ya sauti za Kibantu, nilijihisi kama mtu aliyerudishiwa kitambulisho chake. Kile kilichochekwa kilikuwa na jina, kilikuwa na utaratibu, na kulikuwa na watu waliokisomea hadi uzamifu.

Katika chuo hicho ndiko alikokuwa akifundisha Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz, ambaye kitabu chake kuhusu Muyaka kilikuwa kimetoka 1979. Kwetu sisi watoto wa pwani kitabu kile kilikuwa ushahidi kwamba Kimvita cha mshairi wa karne ya 19 chaweza kukaa kwenye rafu ya maktaba bila kuomba radhi. Ndiko pia ambako mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walidai kwamba Afrika ndiyo iwekwe katikati ya masomo ya fasihi, na Uingereza isogee pembeni. Sisi tuliokuja baadaye tulikuwa bado tukiusikia mwangwi wa hoja ile kwenye varanda. Swali nililobaki nalo ni hili: kama ni haki Afrika iwe kitovu cha masomo yake, mbona ndani ya Kiswahili chenyewe tumeweka kitovu kingine na pembezoni nyingine?

Muhula wangu mkubwa kuliko yote, hata hivyo, haukuwa Nairobi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, chuo kilifungwa kwa miezi mingi. Wanafunzi tulirudi makwetu na kutakiwa kuripoti kwa machifu. Mimi nikarudi Kiwayu, kile kisiwa chembamba cha vilima vya mchanga, upande mmoja bahari kuu, upande wa pili mkondo wa maji na mikoko. Nikiisha kuripoti, siku nzima ilikuwa yangu. Nikaamua kukusanya msamiati.

Nilianza kama tulivyofunzwa: daftari, kalamu, orodha ya maneno 100. Wazee walinijibu kwa adabu, lakini walinijibu kwa Kiswahili cha redio. Kwao mimi nilikuwa "mtu wa chuo", na mtu wa chuo husemeshwa kwa lugha ya chuo. Ami yangu alipochoka kunitazama, aliniambia niweke hilo daftari chini, nishike kamba ya tanga. Ndani ya mashua hakuna mwenye nafasi ya kusanifisha. Lahaja ikatoka yote: sauti zake, matusi yake, dua zake, utani wake. Nilisikia watu wakizitenga pepo ambazo mimi niliziita "upepo" tu: kusi, kaskazi, matlai, umande, maleleji. Bamvua na maji mafu hayakuwa maneno ya kamusi. Yalikuwa ndiyo kalenda ya kujua siku ya kwenda kutafuta kambakoche na siku ya kukaa kushona nyavu. Usiku niliandika nilichokumbuka.

Somo nililopata ni la mbinu, na ndilo ninalowapa wanafunzi wangu wa uzamili hadi leo. Lahaja hujificha mbele ya mtihani. Ukiiuliza, hukuletea sanifu. Sharti uikute kazini.

Sasa basi, kuna upungufu mwingine usiosemwa. Hata hizo lahaja tunazozifundisha hatuzipi heshima sawa. Kiamu hufundishwa kwa unyenyekevu kwa sababu ndicho kilichobeba Inkishafi na utendi wa Mwana Kupona wa 1858. Kitikuu, lugha ya wavuvi na wakulima, hupewa aya mbili na jina "Kigunya", ambalo wenyewe wengi hawalipendi. Lakini Watikuu wana vave, nyimbo za wakulima zinazoimbwa kabla ya kuchoma moto mashamba mapya. Wana kimai, tungo za baharini. Ni mihadhara mingapi ya fasihi simulizi inayozitaja? Na nani anamweleza mwanafunzi kwamba machafuko ya Shifta ya miaka ya 1960 yaliwatoa Wabajuni wengi kwenye mashamba yao ya bara, na kwamba shamba likipotea wimbo wa shamba nao hukosa pa kuimbiwa?

Tusiwalaumu wageni. Sacleux aliandika sarufi ya lahaja za Kiswahili 1909, Stigand akafuata na kitabu chake 1915, na Nurse na Hinnebusch wakatoa historia yao kubwa ya Kiswahili na lugha za Sabaki 1993. Walifanya kazi yao. Lawama ni yetu tuliogeuza kazi zao kuwa notisi, na notisi kuwa msahafu. Mbele yetu tulikuwa na Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, ambaye elimu yake haikutoka kwenye kumbi za chuo kikuu, naye alihifadhi istilahi za uundaji wa vyombo katika *Sambo ya Kiwandeo*. Neno lake "runinga" tunalitumia kila siku. Njia yake ya kukaa na mafundi, tumeiacha.

Huenda msomaji akauliza: yote haya ni alama tano za mtihani, shida iko wapi? Shida ni kwamba pwani ya Wabajuni haikomi Kiunga. Inavuka mpaka hadi visiwa vya kusini mwa Somalia. Dola ya Somalia ilipoporomoka 1991, Wabajuni wa huko walikimbia, na baadhi wakafika Uingereza kuomba hifadhi. Huko lugha ikawa kipimo cha asili yao: mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji lilitoa uamuzi wa mwongozo ambao ndani yake uwezo wa kusema Kibajuni ulikuwa suala kuu. Mtu aliyezoea kuficha lahaja yake mbele ya mwenye mamlaka, kama wazee wangu walivyoificha mbele ya daftari, huenda akajibu kwa Kiswahili cha redio akidhani ndiyo heshima. Orodha ya notisi haiwezi kumtetea. Maelezo ya kina ya wasemaji halisi, rika kwa rika, kisiwa kwa kisiwa, yanaweza.

Sipigi vita usanifishaji. Kiswahili sanifu kimenilisha, na makala haya nimeyaandika kwacho. Taifa haliendeshwi kwa lahaja kumi na tano. Ila kukifundisha sanifu hakuhitaji kuwaambia watoto wa Lamu Mashariki kwamba mama zao husema makosa.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, hakuna mwanafunzi wa isimu atakayefuzu kozi ya lahaja bila ya kukaa angalau majuma mawili na wasemaji. Siku hizi Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, safari si ndefu kama tuliyoenda sisi. Pili, wasemaji wasiitwe "watoa habari" na kupewa soda. Waandikwe kama wakufunzi, walipwe, na majina yao yawekwe kwenye tasnifu wakiridhia. Tatu, kila rekodi inayochukuliwa kisiwani ibaki na nakala kisiwani, shuleni au kwa wazee wenyewe. Wengi wamekuja Kiwayu na vinasa sauti. Watu wa Kiwayu bado wanangoja kusikia walichosema.