Tshibumba si Mchoraji Tu

Kila Jumamosi ninakaa na vijana wetu, Wakongomani wengi na Warundi wachache, katika chumba tunachoazimwa huku Buyenzi. Mwezi uliopita niliwaletea fotokopi za michoro ya Tshibumba Kanda Matulu. Zilitoka nyeusi na nyeupe, kwa hiyo bendera ya Ubelgiji ikawa mistari mitatu ya kijivu. Lakini hakuna aliyeuliza askari ameshika nini mkononi. Kiboko kinajulikana hata bila rangi. Babu zetu wa Kongo walipigwa nacho, na babu za hawa Warundi pia, chini ya Mbelgiji yule yule.

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, akauza kwa watu wa kawaida ili watundike sebuleni. Mwaka 1973 alikutana na mwalimu wa chuo kikuu, Johannes Fabian, akajieleza kwake kuwa ni mwanahistoria. Siyo fundi wa picha: mwanahistoria. Na alionyesha kwa kazi. Kwa miezi kadhaa, mpaka 1974, alichora michoro kama 100, kuanzia zamani hadi Zaire ya Mobutu, na kila mchoro akausimulia kwa Kiswahili mbele ya mashine ya kurekodi. Kitabu kilitoka 1996. Jina la kwanza ni la Fabian, la Tshibumba linafuata kama mwenye masimulizi na michoro. Michoro yenyewe iko Amsterdam, kwenye makumbusho. Tshibumba mwenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, habari zake zilikatika.

Ninaposema kitabu, watu wanadhani nimekisoma chote. Hapana. Nilichosoma sana ni masimulizi ya Kiswahili, yale yaliyowekwa kwenye intaneti. Yalinishangaza juu ni Kiswahili chetu. Siyo cha Uvira kabisa, ni cha Lubumbashi, kina Kifaransa katikati kama mawe ndani ya mchele, lakini ni kile ambacho shuleni tuliambiwa ni kibovu. Mtu anaeleza nacho Leopold II, Msiri, Union Minière, na hajikwai. Juu ya michoro aliandika Kifaransa, na herufi zake anaziweka anavyosikia. Mimi nimefika sekondari tu, nayaona makosa yale ya Kifaransa. Sijacheka.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu na wanaomsifu. Wanasema michoro yake ni "kumbukumbu ya watu", kwa hiyo tarehe si kitu. Mimi nasema huko ni kumshusha. Chukua mchoro wa wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi. Ilikuwa Desemba 1941, mgomo wa mishahara. Watu walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, gavana Maron akiwepo, askari wakafyatua. Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, aliuawa hapo. Tshibumba alikuwa hajazaliwa. Aliyajua kwa kuuliza na kusikia, halafu akapanga. Hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria. Anapokosea tarehe, na mara nyingine anakosea, tumwambie "hapa umekosea" kama tunavyomwambia mwenzetu. Tusimsamehe kama mtoto.

Lakini kuna kukosoa na kuna kufukuza. Mjomba wangu, alipohojiwa kuhusu ukimbizi wake, alisema walivuka mwezi wa sita. Safari ya pili akasema wa saba. Aliambiwa maelezo yake hayashikani, akarudi nyumbani kungoja tena. Mto aliovuka aliutaja, na jina la mtoto aliyebaki, na mvua. Hayo hayakuhesabiwa. Tangu siku ile, nikisoma mtu akimcheka Tshibumba kwa mwaka uliokosewa, namuona mjomba kwenye benchi la mbao na bahasha yake.

Mchoro nisiokubaliana nao ni wa kifo cha Lumumba. Lumumba, Mpolo na Okito wamelala chini, damu inatoka ubavuni mwa Lumumba na kuandika neno "unité", na kule nyuma imesimama misalaba mitatu. Tshibumba alimfananisha na Bwana Yesu, na hakuficha. Mimi naona hatari. Yesu alijitoa. Lumumba hakujitoa: alikamatwa, akapelekwa Katanga, akauawa tarehe 17 Januari 1961 na watu wenye majina, wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji wakiwepo. Ukiweka misalaba, wauaji wanageuka kuwa askari wa Biblia, na hakuna anayeuliza walikuwa nani.

Nilisema hivyo mbele ya vijana. Mmoja akanijibu: "Lakini kaka, hakuzikwa." Kweli. Mwili uliyeyushwa, na mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino moja kwa familia. "Basi huyu bwana amemjengea kaburi," akasema. Mpaka leo sijapata la kumjibu, ingawa bado nadhani misalaba ile inaficha mambo.

Msichana mmoja, huwa hasemi sana, aligeuza karatasi zote mara mbili. Akauliza mbona wanawake wanaleta chakula gerezani na kulia tu. Mama yake hapa anauza ndagala, anasomesha watoto wanne; angechorwa wapi? Hapo Tshibumba ana deni, na sikumtetea. Ametuchorea mfalme, gavana, padri, askari, rais. Bibi aliyempikia yule mfungwa alijua nini kuhusu mgomo? Hakuulizwa.

Wiki ijayo tunakwenda kwa bibi mmoja huku huku Buyenzi, aliyeanza kukaa hapa mji ukiitwa Usumbura. Msichana ndiye atashika kaye na kalamu. Bibi ameshatuonya: miaka hakumbuki vizuri, anakumbuka nani alizaa wakati gani. Tumemwambia aanze na hayo, tarehe tutazitafuta pamoja naye.