Breka Haikuwa na Kosa

Ile video ya fundi anayefunga chaja ya gari la umeme nyumbani kwa mtu kule Mbezi mmeshaiona, sitaisimulia upya yote. Chaja yenyewe imefungwa vizuri: kimo sawa, glandi ziko chini, kinga ya miliampea 6 imo ndani yake, na ardhini kuna athi rodi ya kweli, si kipande cha nondo kama nilivyozoea kulalamika hapa. Mimi nimekwama dakika ya sita, pale breka ya ampea 32 inapokata wakati wa jaribio la kuchaji, na fundi anaitoa na kupachika ya 63.

"Hii imechoka, bosi," anasema. "Sawa, fundi," anajibu mwenye nyumba.

Haikuchoka. Katika nyumba nzima, breka ile ndiyo peke yake iliyokuwa imepiga hesabu.

Laini aliyoichukua fundi ni ya jiko la zamani: waya wa milimita 4 ndani ya kondiuti ya plastiki, yapata mita 15 kutoka meni swichi hadi gereji. Kwa jiko ulitosha miaka yote, kwa sababu jiko hupumua. Plate ikipata moto hujikata, ikipoa hurudi, na ugali ukiiva mtu anazima. Gari halina ugali. Ukilichomeka betri ikiwa chini, linavuta ampea 32 saa baada ya saa bila kupepesa. Waya ule, ndani ya kondiuti, majedwali ya Waingereza yanaupa ampea 32 hizo hizo, tena kwenye hewa ya nyuzi 30. Sasa kondiuti inapita juu ya dari, chini ya bati, na jaribio linafanywa saa nane mchana, Dar es Salaam.

Pigeni hesabu. Mita 15 kwenda na 15 kurudi, kwa ampea 32, waya unageuza karibu wati 140 kuwa joto. Ni zaidi ya balbu mbili za wati 60, zile za zamani zilizokuwa zikiunguza vidole, umezifungia ndani ya bomba. Na breka nayo ina kibapa cha metali mbili kinachopinda kwa joto. Imebanwa katikati ya wenzake kwenye boksi lisilo na upepo, imebeba namba yake yote dakika arobaini mfululizo, ikakata. Ulitaka ifanyeje?

Ile ya 63 haitakata. Breka za majumbani zinatakiwa zistahimili mara 1.13 ya namba yake kwa saa nzima, yaani ampea 71 kwa hii. Ni mpaka ifike mara 1.45, ampea 91, ndipo inalazimika kukata ndani ya saa hiyo. Waya wa ampea 32 hauwezi kusubiri huko. Mtaniambia chaja haivuti zaidi ya 32. Kweli. Lakini joto lililokuwa linakatishwa sasa limepewa ruhusa ya kukesha, na siku mtu atakapounga soketi ya mashine ya kuchomelea kwenye laini hiyo, hakuna wa kumzuia.

Kinachoniudhi ni kwamba fundi alikuwa na dawa mkononi. Chaja hizi zinashushwa: bisibisi ndogo au simu, dakika tano. Angeiweka ampea 16. Mkondo ukipungua nusu, joto la waya linabaki robo, wati 35 tu. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi zinaingia uniti 36 hivi, na hata ukitoa zinazopotea njiani unapata karibu kilomita 200. Nani anazunguka Dar kilomita 200 kwa siku? Na kama mwenye nyumba ameng'ang'ania kilowati 7 za ampea 32 zile, basi avutiwe waya wa milimita 10 na breka ya 40, fundi ale nusu siku yake kihalali.

Tatizo watu wananunua namba. Nimeshaandika kuhusu yule aliyefunga chaja ya kilowati 22 kwenye nyumba ya umeme wa njia moja. Nimeandika pia kuhusu gari zetu za Leaf kuukuu kutoka Japani, nyingine zinapokea kilowati 3.3 tu na mdomo wake ni wa pini tano, zinauziwa chaja ya plagi ya pini saba halafu mnunuzi anahangaika kutafuta adapta. Wauzaji waliniona mchawi.

Mzee aliyenifundisha kazi pale Gerezani, Gredi One halisi, hakuwahi kuona gari la umeme. Breka ikikata, hakuigusa. Alipasua pakiti ya sigara, akaandika upande mweupe kila kitu kinachokula umeme kwenye laini ile, kisha akapitisha mgongo wa kiganja kwenye bomba taratibu, kama mama anayempima mtoto homa. Ukimletea breka kubwa zaidi alikuuliza swali moja tu: "Waya umebadilisha?"

Rudini kwenye video, dakika ya tisa. Taa ya chaja ni ya kijani, mwenye nyumba anashangilia. Fundi anaegemea ukuta, anashika kondiuti, anautoa mkono haraka, anacheka. Breka ya 32, nzima kabisa, anaitia mfukoni.