Mstari Ambao Mashine Haiusomi

Kabla mashine haijawashwa, kazi ya kuandika programu imekwisha kuanza. Mtu ameketi na hesabu ndefu, anaivunja vipande, anavivunja vipande vyenyewe, mpaka kila kimoja kiwe chepesi kiasi cha kukabidhiwa yeyote, hata asiyejua hesabu nzima inaelekea wapi. Akikosea kugawa, kasi ya mashine haitamwokoa. Naupenda ufundi huu kwa sababu hiyo kwanza: unamdai mtu alielewe jambo mpaka chini kabisa, kisha alieleze bila kuruka hatua. Uelewa huo mtu aweza kuja nao kutoka kazi nyingine. Ndiyo maana nikisikia mwanamke akiambiwa kwamba amechelewa kubadili kazi, humkumbuka Dorothy Vaughan.

Alizaliwa mwaka 1910 mjini Kansas City, Marekani, akahitimu Chuo Kikuu cha Wilberforce mwaka 1929, akawa mwalimu wa hesabu. Mwaka 1943 alikuwa akifundisha watoto weusi katika shule ya sekondari ya Moton, mjini Farmville, jimbo la Virginia. Vita vilikuwa vimepamba moto, na amri ya Rais Roosevelt ya mwaka 1941 ilikuwa imepiga marufuku ubaguzi wa rangi katika ajira za viwanda vya ulinzi na za ofisi za serikali. Maabara ya ndege ya Langley, mjini Hampton, ilitafuta watu wa kukokotoa. Vaughan akaenda, akidhani ni kibarua cha wakati wa vita tu.

Amri ilifungua mlango, haikuondoa kuta za ndani. Wanawake weusi waliwekwa ofisi yao upande wa magharibi, na katika ukumbi wa chakula meza yao ilikuwa na kibao cha kuwatenga. Mmoja wao, Miriam Mann, alikuwa akikichukua kibao hicho na kukitia mkobani. Kikiwekwa kingine, anakichukua nacho.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa makini, maana ndipo penye kiini. Mhandisi alikuwa na vipimo vya shinikizo la hewa juu ya bawa la ndege, mamia kwa mamia, na kanuni ya kuvigeuza kuwa majibu. Kanuni hiyo ilipangwa kwenye karatasi pana yenye safu. Safu ya kwanza, andika kipimo. Ya pili, zidisha safu ya kwanza kwa kiasi hiki. Ya tatu, tafuta kipeuo chake cha pili. Ya nne, jumlisha ya pili na ya tatu. Mkokotoaji aliteremka nayo mstari kwa mstari, kwenye mashine ya kukokotolea ya mezani, kisha mwenzake akahakiki. Mwandishi wa programu wa leo akiiona karatasi ile ataitambua papo hapo. Ni programu kamili, ila mtekelezaji wake ni binadamu anayechoka, mwenye watoto wanaomsubiri nyumbani.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosimulia kwamba Vaughan alianza upya kompyuta zilipoingia. Tangu mwaka 1949 alikuwa mkuu wa kitengo kile cha magharibi, mweusi wa kwanza kusimamia kitengo katika taasisi iliyoendesha maabara ya Langley. Pamoja na Vera Huckel na Sara Bullock alishiriki kuandaa kitabu cha mwongozo wa njia za kialjebra kwa watumiaji wa mashine za kukokotolea. Fikra ya ufundi alikuwa nayo. Kilichobaki kilikuwa lugha.

Lugha hiyo ilikuwa FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957. Mwaka uliofuata taasisi hiyo ya Langley ilimezwa na NASA, kitengo cha magharibi kikafungwa, naye akahamia idara mpya iliyochanganya weusi na weupe, wanawake na wanaume. Alikuwa akikaribia miaka 50, mama wa watoto sita. Alijifunza FORTRAN, akawafundisha na wenzake.

Mimi pia nilifundisha hesabu kabla ya kuandika programu, na ninajua mwalimu hukwama wapi. FORTRAN inaruhusu mstari usemao X = X + 1. Ubaoni mstari huo ni uongo mtupu, na mwanafunzi anayeuandika hupewa mkasi. Katika programu si dai bali ni agizo: chukua kilichomo ndani ya X, ongeza moja, rudisha humo humo. Mtu aliyeishi na alama ya usawa tangu utotoni hana budi kuipa kazi ya pili bila kuisahau ya kwanza. Kisha kuna kugawanya. Andika 7/2 na FORTRAN itakujibu 3, nusu imetupwa bila neno la onyo, kwa sababu umeipa namba kamili nayo inakurudishia namba kamili. Ukitaka 3.5, weka nukta: 7.0/2.0. Nukta moja, na bawa la ndege lina majibu mengine. Wapo wanaouona ukali huu kuwa adha. Mimi nauona kuwa heshima: mashine inakuchukulia kwamba ulichoandika ndicho ulichokusudia.

Enzi hizo kila mstari wa programu ulitobolewa kwenye kadi yake yenye safu 80. Safu tano za mwanzo zilikuwa za namba ya mstari, maagizo yalianzia safu ya 7 na kukoma ya 72, na nane za mwisho mashine ilizipuuza. Waandishi waangalifu walizitumia hizo nane kuzipa kadi namba za mfuatano, ili bunda likidondoka sakafuni lipangike tena.

Kuna kitu kimoja kwenye kadi ile ninachokipenda kuliko vyote. Ukitoboa herufi C katika safu ya kwanza, mashine huuruka mstari mzima. Hapo unaweza kuandika maneno ya kawaida: hesabu hii inatafuta nini, kwa nini imepitia njia hii, vipimo viko katika kizio gani. Mstari huo hauongezi kasi wala haubadili jibu. Upo kwa ajili ya mtu atakayeifungua kazi yako baada ya miaka, wewe ukiwa umehama au umekufa. Kijana mwerevu huona ni kupoteza muda. Aliyesimama mbele ya darasa lenye watoto wanaoelewa kwa mwendo tofauti haambiwi umuhimu wake. Muuguzi naye haambiwi, kwa sababu amezoea kumwandikia wa zamu ya usiku habari za mgonjwa, wala mhasibu ambaye vitabu vyake hukaguliwa na mgeni. Hao wakiingia katika ufundi huu wakiwa na miaka 35 au 45, huja na tabia ambayo chuo cha kompyuta huchelewa sana kuifundisha.

Vaughan hakurudishiwa tena cheo cha usimamizi, ingawa alikitaka, na sioni sababu ya kulipamba hilo. Alibaki mwandishi wa programu mpaka alipostaafu mwaka 1971. Miongoni mwa kazi alizochangia ni mradi wa roketi ya Scout, iliyobeba setilaiti ndogo. Roketi ya aina hiyo iliruka tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala. Setilaiti iliyobebwa ilikuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kutafuta miale ya eksirei angani. Msimamizi wa mradi wake, Marjorie Townsend, aliipa jina la Uhuru, na orodha iliyotokana nayo ina vyanzo 339 vya miale hiyo.