Ushairi Uliotubu Bila Kuungama

Lugha yetu ina vitenzi viwili ambavyo wengi huvitumia kana kwamba ni pacha: kutubu na kuungama. Toba imetujia kwa Kiarabu, na asili yake ni kurudi. Mja aliyepotea hugeuza uso kumwelekea Mola wake, na katika kurejea huko hahitaji mtu wa tatu. Kuungama ni neno la Kibantu, na kazi yake ni ya ulimi: kutamka mbele ya mwingine kwamba jambo hili nimelitenda mimi. Mtu aweza kutubu kimya usiku kucha. Kuungama kimya hawezi.

Ushairi wa pwani ni bingwa wa toba. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauhutubia moyo wake mwenyewe, akiuonyesha magofu ya Pate na majumba yaliyokuwa na taa. Wasikilizaji ni wawili tu, moyo na Muumba. Njia hiyo imefuatwa na kasida na tenzi nyingi, ambamo mtunzi hujiita mkosefu, hulia, huomba maghufira. Ni mashairi mazuri, na baadhi yake nayajua kwa ghibu. Lakini ni nadra sana mtunzi huyo, hata akifika beti ya mia, kulitaja kosa moja kwa jina lake. Tunajua kwamba amekosa. Hatujui amemkosea nani.

Anayetaka kuona ungamo lilivyofanya kazi katika Kiswahili na avuke bahari aende Kusini, Newala juu ya uwanda wa Wamakonde na Masasi upande wake wa magharibi. Masasi ya Kikristo ni binti wa Unguja. Ilianzishwa mwaka 1876, pale Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu alipowapeleka huko watu waliokombolewa utumwani, miaka mitatu baada ya soko la Mkunazini kufungwa. Kwa miaka hamsini waumini wake walikuwa chini ya askofu wa Unguja, mpaka mwaka 1926 ilipopata dayosisi yake na askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas. Steere alikuwa mfasiri kabla ya kuwa askofu, na maneno yake aliyaokota katika vichochoro vyetu: dhambi, toba, samehe. Kila neno kati ya hayo lilikwisha kuswali msikitini kabla ya kuingia kanisani.

Misheni hiyo ilikuwa ya Waanglikana wa mrengo wa juu, wanaoshika maungamo ya siri kwa padri. Muumini hupiga magoti, hutaja kosa kwa kosa, hupewa kitubio na kusikia kwa masikio yake kwamba ameondolewa. Wabenediktini walipofika Ndanda mwaka 1906 walikuwa na utaratibu ule ule kwa njia ya Kikatoliki. Wala wenyeji hawakushangazwa na jambo lenyewe. Wayao na majirani zao walikwisha kujua kwamba mwanamke mwenye uchungu uliokwama hutakiwa kutaja yaliyofichwa ili mtoto apite, na kwamba makosa ya wazazi huchelewesha vidonda vya vijana walio jandoni. Kwao siri ilikuwa ugonjwa, na kulitaja kosa ilikuwa dawa. Kigeni kilikuwa lugha, maana mtu alitenda kwa Chimakonde au Chiyao, kisha akaungama kwa Kiswahili cha Unguja, na mara nyingi aliyemsikiliza alikuwa Mzungu aliyejifunza Kiswahili hicho hicho ukubwani.

Ndiyo maana namfikiria sana Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akatekwa utotoni, akakombolewa na kusomeshwa Kiungani. Mwaka 1890 alipewa upadri, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuufikia, akihudumu Chitangali, jirani na Newala, kwa mkuu wa Kiyao Nakaam, aliyebatizwa kwa jina la Barnaba. Baadhi ya wakuu wa Kiyao walikuwa washiriki wakubwa wa misafara iliyoteremsha pembe na watu mpaka Kilwa na Lindi. Sasa mtoto aliyeuzwa ana mamlaka ya kusamehe, na mbele yake wapiga magoti watu wa taifa lililouza na kuuzwa. Siri ya maungamo imelinda yaliyosemwa, na ni haki yake. Lakini swali linabaki kwa msomaji wa leo: padri akisha kutamka maondoleo, aliyeuzwa amesikia? Hapo nawaona mafakihi wetu wakiwa wakali kuliko kanisa, kwa kuwa haki ya mja haifutwi kwa toba peke yake. Sharti arudishiwe mwenyewe au mwenyewe asamehe. Na hapo hapo naona jinsi ushairi wetu ulivyo mlegevu kuliko fikihi yetu.

Washairi Wakristo nao hawakulichukua ungamo. Mathias Mnyampala, fundi asiye na shaka, alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1962 na Utenzi wa Zaburi mwaka 1965, vyote kwa machapisho ya Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Enjili ni simulizi, nayo yajitosheleza. Zaburi ndiyo ingetupa sauti ya mwungamaji. Lakini tazama Zaburi ya 51 yenyewe, kabla hata mtunzi hajaigusa. Kichwa chake chataja Nathani na Bathsheba. Katika mwili wake, ukiacha neno moja kuhusu damu, Daudi hamtaji mke wala mume aliyeuawa, na asema amemkosea Mungu peke yake. Kichwa kinaungama, mwili unatubu. Mnyampala alirithi kimya hicho.

Kama mfasiri, nina upendeleo katika Sala ya Bwana. Wakatoliki huomba kusamehewa makosa. Biblia ya mwaka 1952, katika Mathayo, yasema deni, na ndivyo Kiyunani kilivyo. Nalichagua deni. Kosa laweza kuelea hewani, ila deni lina mwenyewe, lina kiasi, lina siku lilipochukuliwa. Kwa watu ambao ndugu zao waliwahi kuwekwa rehani kwa deni, neno hilo halikuhitaji mahubiri.

Katika diwani za visiwani zinazogusa utumwa, msemaji karibu daima ni mtazamaji anayehuzunika, au mtumwa anayelia. Muuzaji hasemi. Nangojea utenzi ambao nafsi yake ni mwenye jahazi, anayetoka Lindi na kushusha nanga Unguja, akataja idadi ya vichwa, bei ya kila kimoja, na jina la yule mtoto wa Kiyao aliyekuwa akiulizia mama yake njia nzima.