Ramani Isomeke Saiti: Kuchagua Printa na Draiva za Michoro ya Ujenzi

Ramani ya nyumba haiishi mezani. Itakunjwa, itatiwa kwenye mfuko wa koti la fundi, itafunguliwa juu ya rundo la mchanga na kushikwa kwa vidole vyenye saruji. Huku Kanazi, mkoani Kagera, na kote katika ukanda huu wa ziwa kuanzia Bukoba hadi Muleba, itanyeshewa pia, maana Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Ndiyo maana nawashangaa wanaokwenda kununua printa ya michoro kisha wakaridhika na picha ya maua waliyochapiwa dukani. Ua likipendeza, bado hujajua lolote kuhusu mstari.

Na mstari ndio kila kitu. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilibomoa nyumba nyingi Kagera na kuziharibu vibaya hata shule kongwe za Ihungo na Nyakato. Anayejenga leo kwa akili anataka mchoro wa nondo za msingi na linta uonekane bila kubahatisha. Sasa piga hesabu: katika skeli ya 1:20, nondo ya milimita 12 ni alama ya milimita 0.6 tu kwenye karatasi. Wino ukisambaa kidogo, nondo mbili zinakuwa moja, na fundi atafunga anachokiona.

Wachoraji hutumia unene wa mistari uliopangwa kwa ngazi: milimita 0.13, 0.18, 0.25, 0.35, 0.5 na 0.7. Ukuta uliokatwa huchorwa kwa mstari mnene, mlango mwembamba zaidi, na mistari ya vipimo myembamba kuliko yote. Printa nzuri huonyesha ngazi hizo zote kwa jicho tupu. Hapo ndipo idadi ya nukta inapokuwa na maana. Ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi, nukta moja ina upana wa karibu milimita 0.085. Mstari wa 0.13 unahitaji nukta moja na nusu, na nusu nukta haipo, kwa hiyo utatoka sawasawa na wa 0.18 au utapungua njiani. Kwa nukta 600 mstari huohuo unapata nukta tatu, nao unatulia. Zaidi ya hapo, kwa michoro ya majengo, tarakimu kubwa zilizoandikwa kwenye boksi ni za kumfurahisha muuzaji. Tazama mstari wa mshazari kwa kioo cha kukuzia: ukiwa na meno kama msumeno, rudisha.

Kuhusu ukubwa sina maneno mengi. Ofisi inayochora nyumba za kawaida inaweza kuishi na printa ya A3 ya matangi ya wino, mradi wateja wajue kwamba mchoro wa A1 ukichapwa A3 skeli inakuwa nusu: 1:100 imekuwa 1:200, ingawa maandishi pembeni bado yanasema 1:100. Kila mchoro uwekewe kipimo cha mstari, ambacho hupungua pamoja na picha. Mwenye kazi za maghorofa, shule na barabara anunue plota ya roli ya inchi 24, yaani milimita 610, inayopokea A1 yenye upana wa 594 na kubakiza nafasi ya kukata. Ya inchi 36 inachapa A0, lakini waulize wenzako mara ngapi kwa mwaka wanaihitaji.

Wino nao una tabia zake. Kuna wa rangi iliyoyeyushwa, ambao maji huubeba, na kuna wa chembechembe, pigmenti, unaobaki palepale. Usidhani mashine moja ina aina moja. HP DesignJet T120 ina wino mweusi wa pigmenti, ilhali rangi zake tatu ni za kuyeyuka. Kuta ulizochora kwa nyeusi zitasalimika na mvua, lakini mabomba uliyoyachora kwa bluu na nyekundu yatasambaa. Epson SureColor za mfululizo wa T hutumia pigmenti katika rangi zote. Huhitaji kumwamini muuzaji wala mimi: acha chapa ikauke, lowesha kidole, pitisha juu ya kila rangi. Printa ya leza haina shida ya maji kwa sababu tona huyeyushwa na kushikamana na karatasi kwa moto, ila moto huo unavuta umeme kwa ghafla, na ukiiunganisha kwenye yuu-pi-esi ndogo ya kompyuta itaizidi nguvu.

Plota zilizotumika zinauzwa, na si zote za kukimbiwa. DesignJet 500, mathalani, ilichorea ofisi nyingi duniani. Fungua kifuniko chake uutazame mkanda unaovuta vichwa vya wino. Mpira unaobanduka unga umekwisha. Chapa ukurasa wa kupima matundu ya wino. Halafu uliza swali ambalo wengi hawaulizi: ina kadi ya HP-GL/2? Mashine hiyo iliuzwa pia bila kadi hiyo, na bila kadi ni kompyuta yako inayosaga mchoro wote hadi kuwa nukta kabla ya kuutuma.

Hapo tumeingia kwenye draiva, na mimi naona nusu ya lawama zinazopewa printa ni zake. HP-GL/2 ni lugha ya mistari: kompyuta inasema anzia hapa, ishia pale, kalamu nene kiasi hiki. Draiva nyingine hutuma picha nzima, ambayo huwa nzito, na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo huishia kuchapa robo tatu ya ramani. Weka draiva ya modeli yako kutoka kwa mtengenezaji. Ile ya jumla inayojipachika yenyewe mara nyingi haijui roli wala saizi zako.

Kisha ingia kwenye mipangilio yake. Saizi ya karatasi huenda imewekwa Letter ya Kimarekani badala ya A4. Ubora huenda uko kwenye rasimu. Hatari kuliko yote ni ile amri ya kutosheza ukurasa: inapunguza mchoro asilimia chache kimyakimya, na chumba cha mita 4 kinapimwa kwa rula kikawa 3.8. Izime kwenye draiva, izime tena kwenye programu ya kusomea PDF, chapa kwa asilimia 100.

Rangi za skrini zina mtego wake. Mistari ya njano inayong'aa kwenye kioo cheusi cha AutoCAD, ikichapwa kwa chaguo la kijivu la draiva, inakuwa vumbi la nukta hafifu. Tumia jedwali la kalamu la programu yenyewe, monochrome.ctb, ambalo hugeuza kila rangi kuwa nyeusi kamili. Draiva haina haja ya kujua chochote kuhusu njano.

Kwa jaribio la mwisho nashauri uchore msonge. Nyumba ya asili ya Wahaya ni duara, na duara halifichi siri. Chora plani yake iwe na kipenyo cha sentimita 20 kwenye karatasi, chapa, pima kwa rula ya skeli kulia kwenda kushoto, kisha juu kwenda chini. Vipimo vikitofautiana, mashine inavuta karatasi vibaya au haijarekebishwa. Plota nyingi zina amri ya kujirekebisha, mwambie muuzaji aiendeshe mbele yako. Watengenezaji hutaja usahihi wa asilimia 0.1, ambao kwenye upande mrefu wa A1 ni karibu milimita 0.8. Katika skeli ya 1:100 hiyo ni sentimita 8 za ukuta, na karatasi nayo hutanuka kwa unyevu wa ziwani. Ndiyo maana vipimo lazima viandikwe kwa tarakimu.

Basi usiende Bukoba mjini mikono mitupu. Beba faili la mchoro wako mwenyewe, lenye nondo, msonge na mistari ya unene wote, pamoja na rula ya skeli. Muuzaji akikataa kukuchapia hilo, akikuonyesha lile ua lake, mshukuru na uende duka linalofuata.